Redio Inayodai Kodi

Zawadi mwanangu,

Usishtuke kukuta mwandiko wangu ndani ya boksi la bisibisi. Barua nimeiweka humu kwa sababu nakujua: utalifungua boksi hili kabla hujafungua begi la nguo. Ningeikunja ndani ya vitenge alivyokupa bibi yako, ungeiona mwakani.

Wewe uko Kisanga unamuaga huyo bibi. Baba yako yuko uani, anafunga gunia lako la mchele kwa kamba inayotosha kumfunga tembo wa mbuga. Mambo ya kula, kulala na kutowaamini wanaokuchekea stesheni sitayagusa. Kesho baba yako anakusindikiza hadi Kilosa kwenye treni, na barabara ya kupitia kijiji cha Ulaya inatosha hotuba zote alizonazo. Mashimo yatamsaidia kuweka nukta.

Mimi nina jambo moja tu, na unalijua. Programa.

Tangu Jumatatu tunaongea kupitia kwa baba yako. "Baba, muulize mama bisibisi ndogo iko wapi." "Mwambie mwanao iko pale alipoiacha." Na wote watatu tumekaa mkeka mmoja, sinia moja. Jana akaweka tonge chini akasema, "Sikilizeni. Mimi ni mkulima wa mahindi. Mimi si mnara wa simu." Moyoni nilicheka, usoni nikakaza. Nilitaka wewe ucheke kwanza. Na wewe ulitaka mimi nicheke kwanza. Uso huo umeurithi kwangu, usimsingizie bibi yako.

Lakini hofu yangu si ya mchezo. Unakwenda Dodoma kufungua meza yako kwenye gereji ya watu wasiokujua, na akiba yako inatosha programa moja. Moja. Ukikosea kuchagua huna nyingine, na fundi mgeni akiunguza redio ya kwanza haletewi ya pili. Atarudi Mikumi na gunia lake la mchele, na watu wa hapa watampa pole mpaka achoke. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, siyo treni.

Kwa faida ya baba yako, ambaye najua ataifungua barua hii kabla yako, nieleze kidogo. Baba Zawadi, redio nyingi za magari ni waoga. Ukitoa betri, hata kama ni kwa kuisafisha tu, redio ikiwashwa tena inadhani imeibiwa. Inajifunga. Inaandika CODE kwenye kioo, inasubiri namba ya siri. Mwenye gari namba hana, maana gari limemfikia likiwa limeshachokwa na watu wa ng'ambo, na kitabu chake, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Ila redio yenyewe namba inaijua. Imeitunza kwenye chipu ya kumbukumbu, kidude cheusi chenye miguu minane, ukubwa wa kunguni aliyeshiba. Programa ndiyo mashine inayoing'ata ile miguu, ikasoma kilichomo, ikakionyesha kwenye kompyuta. Umeelewa? Haya, rudi kwenye gunia lako.

Sasa wewe. Ulikuwa mdogo Mzee Kibwana wa Ulaya alipokuja mara ya kwanza na pikapu yake. Wakati ule mimi nilikuwa natengeneza redio ndogo tu, zile wafugaji wanazozivaa shingoni wakiwa nyuma ya ng'ombe. Hasira yake ilifika mezani kabla yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama Zawadi, hivi siku hizi na redio inalipa kodi?"

Kumbe alikuwa ametoa betri ya pikapu akaiazimisha kwenye maulidi, kipaza sauti kipate moto. Alipoirudisha, redio ikajifunga. Mjukuu wake akasoma kwenye kioo akamwambia, "Babu, inataka kodi." Basi. Mzee Kibwana ni raia mwema kuliko wewe na mimi. Alivaa koti, akachukua kadi ya gari, akaendesha hadi Kilosa kwenye ofisi ya kodi, akapanga foleni.

"Nimekuja kulipia redio."

"Unauza redio, mzee?"

"Siuzi. Inadai."

Yule kijana wa dirishani, Mungu ambariki, hakumfukuza. Alitoka naye nje, akaingiza kichwa ndani ya pikapu, akasoma kile kioo, akakitazama kwa muda mrefu. Halafu akasema kwa adabu, "Mzee, kodi hii siyo yetu." Na Mzee Kibwana, akinisimulia, akapiga meza yangu kwa kiganja: "Nikamuuliza, ya nani sasa? Ya halmashauri?"

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Kisha, badala ya kumwambia kwamba redio ya namna ile sijawahi kuigusa, nikasema, "Niachie, baba. Kazi ndogo." Mwanangu, nimesema mengi kwenye meza hii, lakini hakuna yaliyonitia hasara kama hayo mawili ya mwisho.

Nikaagiza programa Dar es Salaam kwa simu. Unajua nilivyochagua? Kwa sura. Muuzaji alinitumia picha mbili. Ya kwanza ilikuwa kitu cha kijani kisicho na haiba, kama kipande cha sabuni ya kufulia. Ya pili ilikuwa nyeusi, ina taa tatu, ina waya za kila namna, na juu ya boksi lake wamechora magari ya dunia nzima. Nikamuuliza, "Hiyo nyeusi inafungua nini?" Akasema, "Mama, inafungua kila kitu." Nikaona nimempata mtu mwenye akili.

Iliposhushwa kwenye basi niliibeba kwa mikono miwili kama nimejifungua upya. Maelekezo yalikuwa ya Kichina, na mengine ya Kiingereza alichokiandika Mchina. Baba yako alijitolea kuyasoma kwa sauti, akafika kwenye mchoro wa pili akasinzia. Nikaona hamna haja. Unajua kile kidoti kinachoonyesha mguu wa kwanza wa chipu? Mimi nilikiona. Nikadhani ni uchafu. Nikakikwangua kwa kucha.

Nikabana kibano cha programa kinyume, nikawasha. Taa zote tatu zikawaka, na mimi nikashangilia. Kisha ukatoka moshi mwembamba, mnyoofu, hauna haraka. Kumbukumbu ya redio ya Mzee Kibwana ikapanda, ikapita kwenye tundu la bati, ikaenda zake. Sikuwa nimeisoma. Sikuwa na nakala yoyote. Namba iliyokuwa imetunzwa tangu Japani niliipoteza mimi hapa Mikumi kwa sababu ya taa tatu.

Nilimwambia ukweli, si kwa uchamungu, ila uongo ulikosa pa kusimama. Meza ilikuwa bado inanuka. Mzee Kibwana akaisogelea, akainusa. Halafu akasema, "Basi redio yangu ni wewe."

Nilidhani ananitania. Siku ya gulio iliyofuata akaegesha pikapu mbele ya meza, akazima injini, akashusha kioo, akasema, "Haya. Taarifa ya habari."

Ungefanya nini? Nikamsomea. Nilianza kwa muhtasari, nikaingia habari zenyewe, nikamaliza na hali ya hewa niliyoitunga kwa kutazama juu. Nilimpa bei ya mahindi na matangazo ya vifo. Na kila gulio ikawa hivyo, wateja wengine wamesimama wanasikiliza, na baba yako akipita anauliza kama kuna salamu za wasikilizaji. Siku moja nikaruka michezo kwa makusudi. Mzee akagonga mlango wa pikapu: "Stesheni hii inakwaruza!"

Ile ya kijani, ile sabuni, niliinunua baadaye kwa aibu yangu. Nikatafuta kwenye gereji za barabara kuu redio kama ya Mzee, iliyotoka kwenye gari lililopinduka. Nikaisoma chipu yake. Nikaisoma tena. Nikaweka nakala, ndipo nikagusa kitu kingine chochote. Chipu mpya ikaandikwa, ikalehemiwa, redio ya pikapu ikapewa namba ya mwenzake, ikaongea. Mzee Kibwana akaisikiliza kichwa kimeinama, akasema, "Nzuri. Lakini hii nikiiuliza swali hainijibu." Mpaka leo anakuja, kama unavyomwona, na mpaka leo nampa habari. Redio ya gari anaizima kwanza.

Tuje Jumatatu. Nimezunguka vya kutosha.

Yule dereva wa gari la watalii alikuwa na haraka, abiria wake wanaingia mbugani alfajiri. Nikabana chipu kwa programa yangu ya kijani. Kompyuta ikajaa F. F, F, F, kutoka juu hadi chini. Hata matokeo ya hesabu ya baba yako hayakufika hapo. Ukaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, chipu hii ni ya umeme mdogo. Mashine yako inaipa mwingi, ndiyo maana haiisomi." Nikasema imesomeka, ni tupu tu. Ukasema, "Mama, redio ilikuwa inaimba jana. Itakuwaje tupu?" Dereva akacheka kidogo puani.

Kile kicheko kikaniharibu. Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kuandika, nimwagie humo nakala yangu ya zamani, watu wajue meza hii ya nani. Na wewe ukaweka kiganja juu ya kile kitufe. Ulikiweka tu, ukakiacha hapo.

Nikasema, mbele ya dereva, "Kama mashine yangu mbovu, nenda Dodoma ukafungue redio kwa mdomo wako."

Ulikuwa sahihi. Sentensi hiyo nimeiandika, nimeifuta, nimeiandika tena. Usidhani karatasi imeloa maji. Ningeandika, ningeua redio ya pili kwa kosa lile lile, na safari hii nikiwa na mvi. Kiganja chako kilinikumbusha kitu nilichokufundisha mwenyewe, kwamba usiandike kabla hujasoma, na hakuna kinachouma kama kufundishwa somo lako na mwanafunzi wako mbele ya mteja. Dereva aliondoka na redio bubu. Abiria wake wamesikiliza ndege, wamesema ni nzuri zaidi.

Lakini sijamaliza na wewe. Ile programa uliyonionyesha kwenye simu, unayotaka kuinunua, nimeiangalia vizuri ulipolala. Ina taa tano. Tano, Zawadi. Ya kwangu ilikuwa na tatu na ilitosha kuniadhiri.

Leo asubuhi, ulipotoka tu kwenda Kisanga, nikampigia huyo muuzaji wako wa Dodoma. Sikujitambulisha. Nikamuuliza, "Hiyo mashine haifungui nini?" Akasema, "Mama, inafungua kila kitu." Sauti ile ile, mwanangu, kama wamerithishana. Nikakata.

Nikapiga duka jingine. Kijana mmoja akapokea, nikamuuliza swali lile lile, akacheka. "Mama, wewe fundi," akasema. "Hii yangu haisomi zile redio ambazo kumbukumbu imo ndani ya chipu kuu, ubongo wenyewe. Na kibano kilichokuja nayo ni legelege, itabidi ununue kingine. Ila umeme wa chipu unauchagua mwenyewe, mdogo au mkubwa." Nikamuuliza ina taa ngapi. Akashangaa, akaenda kutazama. Ina moja.

Mtu anayekutajia ubovu wa bidhaa yake kabla hujalipa, huyo msikilize. Hiyo ya taa moja ndiyo nakushauri, siyo yangu ya kijani niliyokuwa nakulazimisha uinunue, kweli imepitwa, na siyo yako ya taa tano. Duka lenyewe nimelichora nyuma ya karatasi hii, upande wa pili wa barabara kutoka stendi. Usipoitaka, hutanisikia nikinung'unika. Sawa, utanisikia kidogo.

Ila usinunue yoyote kwa maneno, yao wala yangu. Katikati ya gunia la mchele nimefukia redio mbili mbovu. Moja ina chipu za zamani, nyingine ina hizi za umeme mdogo zilizotugombanisha. Baba yako amelazimika kufungua kamba zote na kuanza upya, ndiyo sauti ya kukohoa kwa hasira inayotoka uani. Watolee hizo redio, wazisome mbele yako, halafu wazisome tena. Masomo mawili yakifanana, ongea bei. Yasipofanana, sema asante uondoke, hata kama wameshakufungulia soda.

Na atakuja kijana na redio ndani ya kiroba, waya zimekatwa mpaka shinani. Usimuulize namba. Muulize gari. Mimi nilimuuliza mmoja, "Gari liko wapi?" Akasema, "Limesafiri."

"Likaiacha redio?"

"Ilikuwa inaumwa."

Nikamwambia gari likirudi aje nalo, nitawatibu wote wawili pamoja. Akacheka, nami nikacheka, akaondoka na kiroba chake. Woga wa redio si ujinga, Zawadi. Siku nyingine inakuwa imeibiwa kweli, na wewe hutaki kuwa mkono wa pili wa mwizi.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini mchana huu Mzee Kibwana amepita, nikampa habari, na habari kubwa ilikuwa safari yako. Akatafakari, akasema, "Dodoma si ndiko bungeni? Mwambie anisaidie kuulizia ile kodi ya redio." Miaka yote hii sijui kama ananitania. Amekuachia mkungu wa ndizi, na baba yako amekwenda kutafuta kamba nyingine.

Kisha akaniuliza, "Na wewe umeshamuaga mwanao?" Nikasema bado. "Kwa nini?" Nikamweleza Jumatatu yote, dereva, zile F, kiganja chako, na jinsi baba yako alivyogeuka mnara. Alisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya habari. Nilipomaliza akawasha pikapu, akatoa kichwa nje.

"Mama Zawadi," akasema, "wewe umetolewa betri."

Nikataka kukasirika, nikashindwa. Ni kweli. Uliponitajia tarehe ya treni, mimi nilihisi naibiwa. Hukuniambia vibaya, ulisema vizuri kabisa, ukicheka, na mimi nikajifunga papo hapo. Wiki nzima nimetembea na CODE usoni, nikingoja ubahatishe namba, na namba yenyewe nimeikalia. Nakupenda na nitakukosa kwenye meza hii. Nitakukosa ukiimba wimbo mmoja siku nzima, na nitakukosa zaidi ukiniambia nimekosea. Namba niliyokuficha ni neno moja: asante. Asante kwa kile kiganja.

Kesho kabla hamjaondoka nitakwambia haya kwa mdomo, baba yako ashushe mnara wake apumzike. Nikishindwa, na unajua ninavyoweza kushindwa, umeshasoma.

Na jambo la mwisho. Redio ikitolewa betri hata kwa dakika moja inamsahau mwenye gari. Nyumba hii haiko hivyo. Ukirudi na jina kubwa, au ukirudi umeunguza redio ya mkubwa fulani na gunia la mchele kichwani, hata ikipita miaka hujapiga simu, wewe sukuma mlango uingie. Hapa kwetu, mwanangu, hakuna kodi.

Mama yako,
Stesheni ya Mikumi